Kisu cha kra-kra-kra: kinauzika haraka, ila piga hesabu mara mbili kabla hujaagiza



Leo sina somo la "jinsi ya kupata wateja mia kwa siku". Leo nina kisu. Kipo hapa mezani, nimekifunga kwenye kitambaa chenye mafuta, na ni kimoja kati ya sita vilivyonibakia. Miezi miwili iliyopita niliamini hii ndo bidhaa itakayonitoa. Sasa kila wiki kuna mtu ananifuata inboksi: "Kaka, ule mzigo wa visu vya kukunja unachukulia wapi, na mimi niingie?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, na jibu lenyewe si la mstari mmoja. Tukipime hapa kwa pamoja, uzuri wake na ubaya wake, halafu kila mtu aamue na mtaji wake.

Kwa wasionijua, niko Nyangoto, huku Nyamongo, wilaya ya Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Nauza vitu vya kazi mtandaoni: tochi za kichwani, gambuti, kamba, glovu, chaja. Wateja wangu ni wachimbaji wadogo, wafugaji, mafundi, bodaboda na akina mama wa sokoni. Wengine wako Tarime mjini, wengine ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti. Mzigo natoa Mwanza, unakuja kwa basi. Sina duka. Nina meza nje ya nyumba, na simu.

KISU CHENYEWE NI KIPI?

Si kile kidogo chekundu cha Uswisi chenye mkasi na kifungua chupa. Hiki ni kirefu na chembamba, mpini wa mbao, ubavuni kina mapambo ya chuma ya nyota na mwezi. Kikikunjwa kinajaza kiganja na kuzidi.

Upekee wake uko mgongoni. Kuna springi ya chuma, na kwenye springi kuna pete. Shina la ubapa limechongwa meno. Unapokifungua, meno yanagonga springi moja baada ya jingine: kra-kra-kra-kra, halafu kinajifunga. Hakirudi mpaka uvute ile pete, springi inyanyuke, ndipo ukikunje.

Staili hii ina historia, na ukiijua utauza ukiwa unajua unachouza. Jina kubwa ni Okapi. Visu hivyo vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yake ya Afrika, kipindi ambacho hata huku kwetu tulikuwa chini ya Mjerumani. Jina ni la yule mnyama wa misitu ya Kongo mwenye miguu ya milia kama ya pundamilia, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamempa jina la kitaalamu mwaka mmoja tu kabla, 1901. Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini.

Kwa hiyo kilitengenezwa kiwe kisu cha mtu wa kazi, kwa bei ya mtu wa kazi. Lakini huko huko Afrika Kusini kikapata na jina baya, maana watu wa magenge nao walikipenda. Kisu kimoja, sifa mbili. Shikilia hapo, tutarudi.

Niseme wazi, mimi sikununua Okapi. Nilichukua vya staili hiyo, visivyo na jina lolote kwenye ubapa. Hilo nalo tutarudi kwalo.

UZURI WAKE

Sitaki nionekane nakiponda. Nimekitumia mwenyewe, na haya ni ya kweli.

1. Kinajifunga. Hapa ndo kinavipiga bao vile visu vya kukunja vya bei rahisi visivyo na kufuli. Ukikata kamba ya katani au mpira wa maji kwa nguvu, ubapa haukurudii vidoleni, alimradi springi ni nzima. Fundi aliyewahi kukunjiwa na kisu kidoleni ataelewa bila kuelezwa mara mbili.

2. Ni kitu rahisi. Hakuna skrubu ndogondogo wala vidude vya plastiki. Ni mbao, ubapa, springi, pete na ribiti. Kikichafuka matope unakisuuza, unakikausha, basi.

3. Kinanoleka. Ubapa ni chuma cha kawaida, si kile kisichoshika kutu. Jiwe la kawaida la kunolea dakika tano kinakata. Mteja wa kijijini anajali sana hili.

4. Kinajitangaza chenyewe. Video ya sekunde kumi, mkono mmoja, mlio ule, tayari watu wanasimama. Sijawahi kuposti gambuti zikapata watu wengi vile.

Namba nne niliipenda kuliko zote, na ndo iliyoniponza.

UBAYA WAKE

1. Kinashika kutu. Faida ya kunoleka ndo hiyohiyo hasara ya kutu. Kikikaa na unyevu usiku mmoja, asubuhi kina madoa. Lazima mteja aambiwe: kausha, paka mafuta kidogo. Usipomwambia, atarudi na picha ya kisu chekundu akisema umemuuzia mtumba.

2. Springi ndo roho yake. Ikilegea, meno hayashiki, na hapo kisu kinakuwa hatari kuliko kile kisicho na kufuli kabisa, maana mtu anakiamini. Kwenye vyangu kumi na viwili, viwili vililegea ndani ya wiki tatu. Mimi nilivipokea kwenye boksi nikahesabu idadi tu, sikufungua kimoja kimoja. Kosa langu hilo.

3. Si cha mfuko wa suruali. Ni kirefu, na ile pete inanasa kwenye nguo. Wateja waliozoea picha za karibu walidhani ni kidogo. Weka picha kiganjani, au pembeni ya kiberiti, watu waone ukubwa.

4. Kinapiga kelele. Kijana anaupenda ule mlio. Mtu wa kazi hana habari nao. Mzee mmoja mfugaji alikuja kuchukua chake, nikamwamkia, nikamfungulia kwa mbwembwe: kra-kra-kra. Akanitazama tu. Akakichukua, akavuta pete kwa kidole gumba, akakifungua kimya kabisa, akakikunja tena. Akaniambia, "Mwanangu, ng'ombe akisikia hiyo atakukimbia." Akalipa, akaondoka. Mimi nilikuwa nauza kelele, yeye alinunua kisu.

HESABU SASA

Tuache maneno, tuangalie daftari.

Visu 12 kwa 6,500 ni 78,000. Usafiri mpaka mkononi, 4,000. Jumla 82,000. Bei ya kuuza niliweka 12,000. Ukipiga haraka haraka unaona faida ya zaidi ya 5,000 kwa kila kimoja, unaanza kuota.

Baada ya ile video, siku nne tu, nikauza tisa. Hiyo ni 108,000. Nikasema tayari, mtaji umerudi na chenji juu, narudi Mwanza kuchukua dazeni tatu.

Bahati nzuri sikwenda wiki ile. Vikarudi vitatu: viwili vya springi, na kimoja nitakachokisimulia. Nikarudisha 36,000 za watu. Mkononi ikabaki 72,000. Toa bodaboda wa kupeleka na kufuata, 3,000. Toa bando la kuposti na kujibu watu, 5,000. Imebaki 64,000, na mimi nilitoa 82,000.

Yaani bidhaa iliyopata watu wengi kuliko zote niliyowahi kuposti iliniacha nyuma kwa 18,000, na visu sita mezani: vitatu vizima visivyouzwa, vitatu vilivyorudi. Wakati huohuo glovu, ambazo hakuna aliyezipigia makofi, zilikuwa zinatoka mbili tatu kila siku.

Somo la kwanza hilo: watu kusimama si watu kununua, na watu kununua si watu kubaki nacho. Hesabu ya faida ifanye baada ya wiki tatu, si baada ya siku nne.

KISU KILICHORUDISHWA

Sasa kile cha tatu.

Alikuja mama mmoja jioni, mimi nafunga meza. Namfahamu kwa sura, anauza dagaa. Hakusalimia kwanza, akafungua upindo wa kanga, akaweka kisu mezani. Kipya, hakina hata doa.

"Hiki ni cha kwako?"

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Ndiyo, ni vya kwangu hivyo."

"Marahaba. Nimekikuta kwenye begi la shule la mwanangu. Yuko kidato cha pili. Nimemuuliza cha nini, anasema wenzake wote wanacho. Haya, niambie wewe uliyemuuzia. Cha nini?"

Nilianza kumweleza kwamba sikujua ni mwanafunzi, kwamba mtandaoni mtu anatuma hela, bodaboda anapeleka, sioni sura. Yote ni kweli. Lakini nikiwa naongea nikakumbuka video yangu mwenyewe. Sikuonyesha kisu kikikata kamba wala kiroba. Nilionyesha kikifunguka kwa mlio, na maneno niliyoandika juu yake yalikuwa "Usitembee mikono mitupu". Sasa tangazo la namna hiyo linamwita nani? Mfugaji? Fundi bomba? Lilimwita yule yule aliyekuja.

Hakuna aliyeumia. Nashukuru Mungu kwa hilo. Lakini eneo letu hili tunalijua. Vijana wengi, hela inayokuja kwa mkupuo na kuisha kwa mkupuo, ugomvi mdogo unaweza kukua kabla wazee hawajafika. Kisu changu kingeingia kwenye ugomvi wa darasani, ningekuwa naandika nini hapa leo?

Nikamrudishia 12,000 yake. Akahesabu, akanishukuru, akasema, "Wewe kijana unauza gambuti nzuri. Uza gambuti." Bado ni mteja wangu. Lakini usiku ule niliifuta ile video.

MAMBO YA SHERIA USIYOAMBIWA NA MUUZA JUMLA

Mimi si mwanasheria, ila haya manne kila muuzaji wa mtandaoni ayaweke kichwani kabla ya kuagiza.

Kwanza, mitandao yenyewe. Sera za matangazo za Facebook na Instagram zinakataza kutangaza silaha, na visu visivyo vya jikoni vimo humo. WhatsApp ya biashara nayo haitaki silaha kwenye katalogi. Kwa hiyo ukurasa wako uliouhangaikia miaka mitatu unaweza kuuweka rehani kwa bidhaa moja. Jiulize kama kisu cha 12,000 kina thamani ya ukurasa wako.

Pili, hifadhi. Sisi wa Tarime na Serengeti tunapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kukutwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa la jinai, na kwenye kesi za huku kwetu utakuta kwenye orodha ya vielelezo panga, kisu, nyaya za kutegea. Mteja mmoja wa ng'ambo alitaka vitano kwa ajili ya vijana wake wa kuchunga. Nilimwambia wazi: vijana wakivuka mpaka kufuata ng'ombe na kisu kiko mfukoni, askari wa hifadhi hatauliza kama ni cha kukatia kamba. Akapunguza, akachukua kimoja cha kukaa nyumbani. Nilipoteza oda ya 48,000. Sijutii.

Tatu, barabarani. Kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu ni kosa kwenye sheria zetu. Kisu ndani ya boksi la vifaa vya fundi ni kifaa. Kisu hichohicho kikitolewa kwa mlio kwenye kijiwe saa nne usiku, hapo unajieleza kituoni. Na anayesafiri kwa ndege kutoka Mwanza mwambie asikiweke kwenye begi la mkononi.

Nne, jina. Usiandike "Okapi orijino" kwenye kisu kisicho Okapi. Kuuza bidhaa bandia yenye alama ya mwingine ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndo inaisimamia. Mimi niliandika "kisu cha kukunja chenye kufuli ya pete, mpini wa mbao". Maneno yako wazi, na hakuna aliyenidai uorijino.

MSIMAMO WANGU

Je, kisu hiki ni kibaya? Hapana. Kwa mfugaji, fundi na mchimbaji ni kifaa kizuri cha bei nafuu. Yule mzee mfugaji kanitumia ujumbe wiki iliyopita, anataka kingine cha ndugu yake.

Je, ni bidhaa ya kumjengea mtu mwenye mtaji wa laki moja? Nasema hapana, na sababu yangu si ile 18,000. Kwa kisu hiki, kinachovuta watu na kinachowafaa watu ni vitu viwili tofauti. Ukitangaza mlio, utauza haraka kwa wasiokihitaji, kisha vitarudi, au vitabaki huko na kufanya jambo baya. Ukitangaza kazi, utauza polepole kwa wachache, na hao watabaki kuwa wako. Sisi wenye mtaji mdogo hatuwezi kubeba mzigo wa polepole dazeni tatu.

Na wale mtakaoniambia "usipouza wewe atauza mwingine", nimelisikia hilo. Ni kweli atauza. Lakini yule mama hakwenda kwa mwingine, alikuja kwangu. Huku kwetu, mtandaoni ni jina tu, mtu anakujua mpaka unapolala. Mteja wa Dar anaweza kukusahau. Mteja wa Nyangoto mtakutana kisimani, msibani, kanisani na sokoni.

Kama bado unataka kuingia, fanya hivi:

- Agiza vinne, si dazeni. Fungua na ufunge kila kimoja mara ishirini kabla ya kulipa. Jino likiteleza, rudisha hapohapo.
- Picha na video zionyeshe kazi: kukata kamba, kufungua kiroba, kumenya muwa. Mlio uache.
- Uza kwa mtu unayemjua au aliyeeleza kazi yake. Akionekana mwanafunzi, mwambie aje na mzazi.
- Tuma na maelekezo mafupi: vuta pete unapofungua na kufunga, kausha, paka mafuta, weka mbali na watoto, usiingie nacho hifadhini.
- Kwenye bei yako weka nafasi ya kurudishiwa. Kama viwili kati ya kumi na viwili vikirudi unaumia, basi bei yako ni ya kubahatisha.

Vile sita vyangu? Vitatu vizima nimeviweka kwa oda ya watu wa kazi tu, kimoja tayari ni cha ndugu wa yule mzee. Viwili vya springi sitaviuza hata kwa bei ya kutupa, maana sitaki kidole cha mtu. Na kile cha mama ndo hiki hapa mezani. Nakitumia kufungulia maboksi ya gambuti. Nakivuta pete kwanza, nakifungua kimya.

Wewe umewahi kuwa na bidhaa iliyojaza watu kwenye ukurasa lakini ikakuachia hasara? Tuambie ilikuwa nini na ulijinasuaje, mwingine apone kabla hajatuma hela ya mzigo.